Maswali ya Jikoni: Khichdi si pilau iliyoharibika

Swali: Nilipokuwa ninapata nafuu baada ya kuugua malaria, jirani yangu ambaye wazee wake walitoka Gujarat aliniletea bakuli la khichdi, yaani mchele na choroko vilivyopikwa pamoja katika sufuria moja, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijaribu kuipika bila mafanikio. Nilikaanga vitunguu na nyanya, nikatia choroko na mchele kwa pamoja, nikapima maji kama ninavyopima ya pilau, kisha nikapalia makaa juu ya kifuniko. Mchele ulivunjika, choroko zikabaki ngumu, na mume wangu akauliza kama tunakula pilau iliyoharibika. Nimekosea wapi?
*Msomaji wa Tanga*

Jibu: Dada yangu, mkono wako hauna kosa lolote. Kosa ni kwamba ulikuwa ukitafuta punje zilizoachana katika chakula ambacho uzuri wake ni kulainika. Sisi hatuilaumu bokoboko kwa kuwa ngano yake haionekani punje moja moja, na khichdi nayo ihukumiwe kwa kipimo hicho hicho. Ikiiva vizuri hutulia kwenye sahani, huku ukingo wake ukitanda polepole, na mzee asiye na meno huweza kuila bila kusaidiwa.

Tuanze na choroko, kwa sababu humo ndimo mlimokuwa na tatizo kubwa. Nadhani ulitumia choroko nzima zenye ganda la kijani, ambazo huchukua muda mrefu zaidi kuiva kuliko mchele, kwa hiyo hata ungefanya nini zisingeweza kwenda sawa. Jirani yako bila shaka alitumia choroko zilizopasuliwa na kumenywa, zile ndogo za njano zinazouzwa katika maduka ya nafaka ya Wahindi, ambazo huiva karibu sawa na mchele. Ukizikosa, tumia za kijani, lakini ziloweke usiku kucha, uzichemshe peke yake mpaka zianze kupasuka, ndipo utie mchele. Tena nyanya zisitangulie, maana uchachu wake huzuia ganda na nyama ya nafaka za jamii ya kunde kulainika, na mpishi anaweza kuongeza kuni hadi jioni asione tofauti. Ukizipenda, zitie choroko zikiwa zimeshaiva.

Kwa watu wanne, chukua kikombe kimoja cha mchele na kikombe kimoja cha choroko za njano. Mchele wa bei kubwa wenye punje ndefu hauna faida hapa. Mchele wa kawaida, hata chenga, hufaa zaidi kwa kuwa hutoa wanga kwa wepesi. Chagua, osha mpaka maji yawe meupe kidogo tu, kisha loweka kwa nusu saa. Mwaga maji ya kulowekea, weka vyote katika sufuria nzito pamoja na vikombe 7 vya maji, nusu kijiko cha chai cha manjano, kipande cha tangawizi kilichopondwa na chumvi ya kiasi. Yakichemka, toa povu, punguza moto, funika huku ukiacha mwanya, na ukoroge mara kwa mara ili choroko zisishike chini. Baada ya dakika 35 au 40 utaona mchele na choroko vimeanza kupoteza mipaka yao. Maji yakikauka mapema, ongeza ya moto, kwa sababu ya baridi hukatiza uivaji. Wenye sufuria ya presha watapunguza maji kidogo na kumaliza kazi katika muda usiozidi nusu ya huo.

Hatua ya mwisho ndiyo inayotenganisha khichdi na uji. Pasha vijiko viwili vya samli katika kikaango kidogo, tia kijiko kimoja cha chai cha binzari nyembamba, ambayo watu wengi wa pwani huiita uzile, na mara tu inapoanza kualika na kugeuka rangi, ongeza pilipili kavu moja na chembe ya mvuje, yaani utomvu mkavu wenye harufu kali. Mimina yote juu ya khichdi papo hapo na ufunike kwa dakika mbili. Harufu ya viungo hivi hutoka vizuri zaidi katika mafuta ya moto kuliko katika maji, ndiyo maana Wahindi huvikaanga kando na kuvimwaga mwishoni. Usiende mbali na kikaango wakati huo, kwani binzari iliyoungua hutia uchungu sufuria nzima, na hakuna dawa yake.

Swali: Hapa Nakuru nikisema ndengu kila mtu ananielewa, lakini shemeji yangu wa Mwanza anasema ndengu zangu ni choroko na kwamba dengu ni kitu kingine kabisa. Maelezo ya khichdi niliyoyapata yanataja dengu. Nifuate lugha ya nani?
*Msomaji wa Nakuru*

Jibu: Ndugu, ninyi wawili mko sahihi, ila kila mmoja kwake. Ndengu za Kenya ni choroko za Tanzania. Sokoni Mwanza ukiomba dengu utapewa punje kubwa zaidi, zenye ncha kama mdomo wa ndege, ambazo hata zikipasuliwa huhitaji kuchemshwa muda mrefu. Adesi, ambazo Kenya huitwa kamande, ni nyingine tena. Zile nyekundu zilizomenywa huiva haraka kuliko zote na huyeyuka kabisa.

Kwa khichdi ya kila siku, chagua choroko. Hata Ibn Battuta, msafiri maarufu wa Morocco ambaye alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 kabla ya kufika India, aliandika kwamba Wahindi huchemsha choroko pamoja na mchele, huvila kwa samli, na kwamba hicho ndicho kifungua kinywa chao cha kila siku. Hata hivyo Wahindi wenyewe hawafungwi na aina moja. Wabengali hukaanga choroko za njano bila mafuta mpaka zinukie kabla ya kuzichemsha, na hupenda sana kupika hivyo siku ya mvua. Huko Uttar Pradesh na Bihar, katika sikukuu ya Makar Sankranti katikati ya Januari, hutumiwa mara nyingi choroko nyeusi, na sikukuu yenyewe watu wengi huiita Khichdi tu. Adesi nyekundu nazo zinafaa, mradi upunguze muda. Dengu mimi singezitumia, isipokuwa umeziloweka tangu jana.

Swali: Je, khichdi inatosha kuwa mlo kamili bila nyama, na ninaweza kumpa mtoto wa miezi minane? Pia daktari amenionya kuhusu mafuta. Je, naweza kuacha samli?
*Msomaji wa Dodoma*

Jibu: Mama, mchele na choroko hufidiana. Protini ya mchele ina upungufu wa kiungo kiitwacho laisini, ambacho choroko zinacho kwa wingi, ilhali choroko zina upungufu wa methionini, ambayo mchele unayo. Vikiliwa pamoja, protini yake hukaribia ubora wa ile ya nyama, ingawa madini ya chuma yaliyomo hayafyonzwi kwa urahisi kama ya nyama; kamulia ndimu au ongeza mboga za majani. Mtoto wa miezi minane unaweza kumpa, lakini siku hiyo usitie chumvi mwanzoni; mtolee sehemu yake kabla ya kutia chumvi na pilipili, kisha uiponde.

Kuhusu samli, fuata neno la daktari wako. Katika Ain-i-Akbari, kitabu cha mambo ya utawala wa mfalme Akbar wa India kilichoandikwa mwishoni mwa karne ya 16, mwandishi wake Abul Fazl anaeleza khichdi ya mchele, choroko na samli kwa uzito sawa, kipimo ambacho leo hakuna daktari angekivumilia. Kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia kinatosha kukaangia binzari kwa sufuria nzima. Kuiacha hatua hiyo kabisa siwezi kukushauri, labda kwa mgonjwa asiyestahimili hata harufu ya mafuta. Pembeni weka mtindi au achari. Wahindi wana msemo kwamba khichdi ina marafiki wanne, yaani mtindi, papadi (mkate mwembamba mkavu wa kunde), samli na achari, nawe kwa kumpunguza mmoja hujavunja urafiki na watatu waliobaki.

Swali: Khichdi yangu ya jana imekuwa ngumu kama keki. Niitupe?
*Msomaji wa Mtwara*

Jibu: Kama ililala mezani usiku kucha, itupe, kwa sababu wali uliokaa katika joto huotesha vijidudu ambavyo sumu yake haiondoki hata ukiuchemsha upya. Kama uliitia kwenye friji mapema, ugumu huo ni wa kawaida. Iponde kwa mwiko, ongeza maji ya moto kidogo kidogo, ichemshe mpaka itokote, kisha uikaangie binzari mpya.