Jibu: Kaboni-13 kwenye vijimea vya pwani ya Namibia

Ndugu, umeuliza kwa nini fitoplanktoni (vijimea vidogo sana vinavyoelea baharini) wakichanua, yaani wakiongezeka ghafla, kwenye maji yenye naitreti nyingi (chumvi ya naitrojeni iliyo mbolea yao), kiwango cha kaboni-13 yao, kaboni iliyo nzito kidogo kuliko kaboni-12 ya kawaida, hupanda. Sababu kubwa ni uhaba wa kaboni dioksidi (CO2). Kimeng'enya cha rubisko, kinachonasa gesi hiyo ndani ya kijimea, hupendelea kaboni-12, ila kuchagua kunataka wingi, kama mteja anayewahi sokoni alfajiri. Maji baridi yanayopanda kutoka vilindini huleta mbolea pamoja na gesi hiyo tele, hivyo mwanzoni rubisko huikataa kaboni-13 kwa ukali. Vijimea vikishaongezeka kwa kasi, gesi hupungua na kaboni-13 iliyokuwa ikikataliwa nayo huliwa. Vijimea vingine huvuta bikaboneti (aina nyingine ya kaboni iliyoyeyuka majini), ambayo tangu hapo ina kaboni-13 zaidi. Hiyo ndiyo huchanganya wengi! Ukichukua sampuli, pima pia CO2 ya maji siku hiyohiyo.