Kabla ya kununua injekta, pima pampu na waya wake

Wengi wanaoanza kuongezea Subaru zao nguvu huuliza kwanza kuhusu ukubwa wa injekta, yaani vifaa vinavyonyunyizia injini petroli, na baadhi yao huwa wamekwisha kuzinunua Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Ninakuomba uanze na hesabu. Injini ya tabo, yaani yenye feni inayoisukumia hewa, inayotoa nguvu za farasi 300 hutumia takriban lita 110 za petroli kwa saa inapokanyagwa hadi mwisho. Gawanya kiasi hicho kwa injekta nne, usizifanyize kazi kupita asilimia 80 ya uwezo wake, nawe utapata injekta za karibu sentimita za ujazo 570 kwa dakika. Zikizidi mno, ni vigumu kupima vitone vidogo vinavyohitajika gari likiwa limesimama huku injini inanguruma.

Sasa tazama pampu ya petroli, ambayo ndiyo huharibu mipango mingi. Lita 255 kwa saa zilizoandikwa, kwa mfano, kwenye boksi la pampu hupatikana kwa presha fulani na volti fulani tu. Ikiwa presha ya msingi ya mafuta ni baa 3 (baa ni kipimo cha presha) na tabo inasukuma hewa kwa baa 1, regulata, yaani kifaa kinachodhibiti presha ya mafuta, huiongeza kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo pampu inasukuma dhidi ya baa 4 na kutoa mafuta machache zaidi wakati uleule injini inapoyahitaji zaidi. Dai jedwali la pampu, usome mstari wa baa 4.

Kuhusu volti, nilijifunza kwa gharama ya pistoni moja. Nilifunga pampu kubwa kwenye waya mwembamba wa kiwandani, na gari likaenda vizuri mjini kwa wiki kadhaa, hata siku niliyopanda mlima wa Limuru kwa kasi, injini ikaanza kugonga kwa kukosa mafuta ya kutosha. Nilipopima baadaye, betri ilikuwa na volti 13.8, lakini kwenye plagi ya pampu, injini ikiwaka, nilipata 11.4. Tangu hapo huvuta waya mnene wenye fyuzi kutoka betri hadi kwenye relei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, ule wa zamani nikiuachia kazi ya kuiamsha relei tu, na waya wa ethi, unaorudisha umeme, nao huubadilisha, kwa kuwa husahaulika mara nyingi.

Jambo jingine linatuhusu sisi wa Nairobi. Tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi. Tabo ileile ya baa 1 ukiiteremsha hadi Mombasa, injini huvuta hewa zaidi kwa takriban sehemu moja ya kumi, na mafuta lazima yaongezeke vivyo hivyo. Mfumo unaotosha barabara ya Thika bila akiba yoyote hautatosha pwani. Chagua pampu kwa hesabu ya kule chini.

Ndani ya tangi, tumia mpira uliotengenezwa kuzama katika petroli, wenye alama ya R10, kwa sababu mpira wa kawaida huvimba kwa nje, hupasuka, na presha huvujia humohumo tangini bila tone kuonekana chini ya gari.