Nani analipia elimu maalumu Marekani? Majibu kwa wazazi

Shule imekubali kwamba mwanangu anahitaji tiba ya usemi, ila mkuu anasema bajeti imekwisha. Nilipe mwenyewe?

Usilipe, dada yangu. Sheria ya shirikisho, IDEA, inampa mtoto mwenye ulemavu elimu ya umma inayomfaa bila malipo, na kilichoandikwa kwenye mpango wake wa elimu, ile IEP, ni wajibu wa wilaya ya shule. Mwaka 1999 wilaya ya Cedar Rapids, Iowa, ilipinga kumlipia mwanafunzi anayepumua kwa mashine mtu wa kumhudumia saa zote za masomo. Mahakama ya Juu ikaamua ilipe.

Mwandikie mkuu akujibu kwa maandishi: huduma gani imekataliwa, na kwa nini. Ni haki yako, tena kwa Kiswahili inapowezekana. Kwenye kikao cha IEP dai mkalimani. Wilaya ndiyo inayomleta. Tafadhali usimfanye mwanao mkubwa akutafsirie. Ni mzigo usiomfaa, na mambo muhimu hupotea.

Kwani fedha zinatoka wapi?

Sehemu kubwa hutoka serikali ya jimbo na kodi za eneo, hasa za nyumba na ardhi. Sheria ilipopitishwa mwaka 1975, Bunge liliahidi kwamba serikali kuu ingefika kuchangia, kwa kila mtoto mwenye ulemavu, asilimia 40 ya wastani wa gharama ya kumsomesha mwanafunzi mmoja nchini. Halijatimiza hata mwaka mmoja; miaka ya karibuni mchango umekuwa chini ya asilimia 15. Pengo linazibwa na wilaya kutoka mfuko wake wa kawaida.

Majimbo nayo yana kanuni tofauti. Mengine huongeza fedha kulingana na uzito wa mahitaji ya mtoto, mengine hurudisha sehemu ya kilichotumika, mengine hugawa kwa idadi ya wanafunzi wote. Wilaya ndogo ndizo huumia zaidi: mtoto mmoja mwenye mahitaji makubwa anaweza kutikisa bajeti nzima, ndiyo maana majimbo mengi yana mfuko wa gharama kubwa. Muulize mkuu kama wilaya imeuomba.

Mzazi mwenzangu anasema mwanangu anakula fedha za wenzake.

Maneno hayo yanauma, na si ya haki. Walioahidi wasitimize ni wabunge. Malalamiko hayo yapelekwe kwao.

Nimepewa karatasi ya Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, nisaini. Nitapunguziwa bima?

Wilaya inaomba ruhusa ili idai Medicaid gharama za baadhi ya huduma, kama tiba ya viungo. Hairuhusiwi kukutoza chochote wala kukupunguzia huduma unazostahili. Ukikataa, mwanao bado ahudumiwe vilevile. Binafsi ningesaini baada ya kuisoma yote, kwa sababu fedha hizo huisaidia shule.

Tunahamia jimbo lingine. Tunaanza upya?

Wilaya mpya lazima impe huduma zinazolingana na za IEP ya zamani huku ikiamua kama itampima tena. Beba nakala mkononi. Faili za shule huchelewa kufika.