Kabla ya kusasisha Cygwin kwenye seva ya watu wengi, tafuta nani bado yumo

Usiku mmoja nilisasisha Cygwin, mkusanyiko wa programu unaokuwezesha kutumia amri za mtindo wa Linux ndani ya Windows, kwenye seva ya Windows ambayo watu kadhaa huingia kwa mbali kufanya kazi. Kisakinishi kilimaliza vizuri, kikaomba tu seva iwashwe upya. Niliona bado kuna watu, nikaahirisha. Asubuhi bash, programu ya kuandikia amri za Cygwin, haikufunguka kwa yeyote: ulitokea ujumbe kwamba kuna kitu kimekosekana ndani ya cygwin1.dll, faili ya maktaba ambayo programu zote za Cygwin huitegemea, basi.

Nilihangaika saa nyingi na ruhusa za mafolda. Nikasakinisha tena, hali ileile. Mwishowe nikafungua dirisha la amri kama msimamizi na kuandika `tasklist /m cygwin1.dll`, amri inayoorodhesha kila programu iliyopakia faili hiyo. Zikajitokeza bash nne na ssh-agent moja (programu inayotunza funguo za kuingilia kwa mbali). Hakuna hata moja iliyokuwa yangu.

Wengi wetu tukimaliza kazi hufunga dirisha la kompyuta ya mbali na kwenda zetu. Lakini kufunga dirisha si kutoka kwenye akaunti. Kipindi hubaki hai kwenye seva pamoja na kila kilichokuwa wazi. Nayo Windows hairuhusu faili inayotumika ibadilishwe, kwa hiyo kisakinishi huiweka ile mpya pembeni ikisubiri seva iwashwe, huku faili nyingine zikibadilika papo hapo. Ndivyo unavyopata bash mpya inayodai kitu ambacho cygwin1.dll ya zamani haina. Ukirudia kusakinisha mara kumi bila kuwatoa watu, utarudi palepale mara kumi.

Siku hizi nawatangazia watu siku moja kabla, maana kipindi kilichoachwa kinaweza kuwa na kazi ya mtu isiyohifadhiwa, na kumkatia si haki. Muda ukifika natoa amri `change logon /drainuntilrestart`, ili asiingie mtu mpya mpaka seva iwashwe. Kisha `quser`: wanaoonekana na neno Disc ndio waliofunga dirisha bila kutoka. Kila mmoja ana namba ya kipindi, nami humtoa kwa `logoff` na namba hiyo. Msisahau huduma zinazoendeshwa na Cygwin yenyewe, kama sshd (ya kuingia kwa mbali) na cron (ya kuendesha kazi kwa ratiba). Hizo hazionekani kwenye `quser`, lakini zinaishikilia faili ileile. Narudia `tasklist` mpaka isibaki programu hata moja.

Hapo ndipo naandika `change user /install` kuiweka seva katika hali ya usakinishaji, naendesha kisakinishi, kisha `change user /execute` kuirudisha katika hali ya kawaida. Kwenye kisakinishi chagueni kusakinisha kwa watumiaji wote. Ukichagua kwa ajili yako peke yako, wenzako hawataona hata alama ya kuifungulia. Nikimaliza nawasha seva upya, hata kama sikuombwa.

Kuna ugonjwa mwingine unaotokana na chanzo hichohicho: bash inafunguka, ila amri zinakufa kwa malalamiko ya fork, yaani kitendo cha programu kuzaa mchakato mtoto. Cygwin inapozaa mchakato mtoto, inahitaji maktaba zake zikae kwenye anwani zilezile za kumbukumbu kama kwa mzazi. Kisakinishi huzipanga anwani hizo mwishoni, lakini hakiwezi kuigusa maktaba ambayo mtu anaitumia. Toeni amri `rebase-trigger fullrebase`, fungeni kila kitu cha Cygwin kwa kila mtumiaji, kisha endesheni kisakinishi tena. Ikishindikana, angalieni programu ya kuzuia virusi, kwani baadhi hujipenyeza ndani ya kila mchakato na kuvuruga mpangilio huo.

Angalieni pia kama kuna programu nyingine iliyokuja na cygwin1.dll yake. `cygcheck -s` itawaonya ikikuta zaidi ya moja kwenye njia ya utafutaji. Mimi hubakisha moja tu.

Jaribio la mwisho silifanyi kwa akaunti ya msimamizi. Naingia kwa akaunti mbili za kawaida kwa wakati mmoja, nafungua bash kote kuwili, naandika `pwd` kuona kama kila mmoja yuko kwenye folda yake ya nyumbani, na `touch /tmp/jaribio-$USER` kuona kama wote wanaweza kuandika humo. Msimamizi akifaulu na hawa wakakataliwa, sasa ndiyo naanza kukagua ruhusa za mafolda.