Katuni ya Peke Yako: Anza na Sauti

Ukiamua kutengeneza mfululizo wa katuni peke yako, piga hesabu hii kabla hujashika kalamu. Sekunde moja ya katuni kwa kawaida ina fremu 24, yaani picha 24 zinazopita mfululizo. Ukiuacha kila mchoro ukae fremu mbili, kama wafanyavyo wachoraji wengi, utahitaji michoro 12 kwa sekunde, yaani 720 kwa dakika. Sehemu ya dakika tano inakula michoro 3,600. Blender, Krita na OpenToonz ni programu za bure, kwa hiyo gharama yako kubwa ni usiku utakaokesha.

Ndiyo maana nasisitiza: rekodi sauti kwanza. Mimi nilianza kinyume. Nilichora sekunde 40 za bibi akizungumza na mjukuu wake, nikaridhika nazo kabisa, ndipo nikaenda kurekodi. Maneno yaliposomwa kwa pumzi ya mtu wa kweli, yalichukua karibu dakika nzima. Bibi keshafumba mdomo, sauti yake bado inaendelea! Kazi ya wiki tatu niliichora upya. Siku hizi sichori hata mstari kabla sauti haijakatwa na kupangwa kwenye kompyuta, na michoro ya haraka haraka kuwekwa juu yake ili nijue kila tukio linachukua sekunde ngapi. Rasimu hiyo mwoneshe mtu asiyeijua hadithi. Pale anapochoka, kata. Kufuta sekunde kumi za rasimu hakuumi.

Simu inatosha kurekodia, mradi chumba kisiwe na mwangwi. Jifunike blanketi zito ikibidi. Watazamaji huvumilia mchoro mwepesi, lakini sauti inayokwaruza huwafukuza.

Kwenye midomo, Kiswahili kinatupa nafuu kubwa. Irabu ni tano tu, na silabi karibu zote huishia kwa irabu. Chora midomo mitano ya a, e, i, o na u, ongeza uliofumba kwa m, b na p, na wa meno ya juu kugusa mdomo wa chini kwa f na v. Jumla saba. Jitazame kwenye kioo ukitamka “kitabu”: midomo inatanuka, inaachama, inafumba, inachongoka. Herufi k na t hazionekani kabisa, kwa hiyo usizichore. Kisha tanguliza mdomo fremu moja au mbili kabla ya sauti, maana ukichelewa kidogo tu, jicho linashtuka.

William Hanna na Joseph Barbera, walipoingia kwenye katuni za televisheni Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, waliwavisha wahusika wao kola na tai za kuficha maungio ya shingo, ili kichwa kichorwe peke yake na kiwiliwili kibaki kilekile. Bibi yangu nilimvisha skafu kwa sababu hiyohiyo. Anapozungumza, hubadilika midomo, kope na kichwa, basi.

Nakili kazi yako kwenye diski ya nje kila jioni.

Sehemu ya kwanza iwe ya dakika moja na nusu: wahusika wawili, mahali pamoja. Imalize yote, hadi orodha ya majina ya walioitengeneza. Ukianza ya pili, midomo saba, vichwa na mandhari vitakuwa tayari kwenye folda, vinangoja sauti mpya.