Picha za HEIC zinagoma kufunguka steshenari

SWALI: Nimepiga picha za mwanangu kwa iPhone ili nizichapishe hapa Area C, Dodoma. Kompyuta ya steshenari inazikataa. Majina yake yanaishia na .heic. Nimebadilisha mwisho ukawa .jpg, bado zinagoma. Nifanyeje?
Mama wa watoto wawili, Dodoma

JIBU: Pole, mama. Kubadilisha jina ni kubadilisha lebo ya kopo tu. Kilichomo ndani ni kilekile. Tangu iOS 11 (mfumo unaoendesha iPhone) ya mwaka 2017, iPhone nyingi huhifadhi picha kwa muundo wa HEIC, kwa sababu hula takriban nusu ya nafasi ya JPG. Windows ya zamani haina kisomaji chake.

Rudisha kwanza jina la .heic. Kisha, kwenye simu yenye iOS 16 au zaidi, hifadhi picha ndani ya programu ya Files, ibonyeze kwa muda, chagua Quick Actions, halafu Convert Image, kisha JPEG, ambayo ndiyo JPG. Ukiulizwa ukubwa, chagua ule wa asili, maana picha iliyopunguzwa hutoka na ukungu ikichapishwa. Huhitaji bando wala tovuti yoyote, na kwa picha ya mtoto hilo ni jambo kubwa, maana haipiti mikononi mwa wengine.

Usifute HEIC yako. JPG hupoteza ubora kidogo kila unapoihariri na kuihifadhi upya, basi nakala ya asili ibaki salama.

Kwa picha zijazo, ingia Settings, Camera, Formats, uchague Most Compatible. Zile za zamani hazitabadilika.