Sanamu ya Kusini mbele ya mahakama ya kaunti: nani ana mamlaka ya kuiondoa?

SWALI

Wakili, mimi ni mama wa watoto watatu, asili yangu Uvira, sasa tunaishi Tennessee. Mbele ya mahakama ya kaunti yetu kuna sanamu ya askari wa majimbo ya Kusini, wale waliopigana ili utumwa ubaki katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Shule anayosoma kifungua mimba wangu nayo ina jina la jenerali wao. Wazazi tulipeleka ombi, diwani akatujibu kwamba hata baraza zima likikubali, sheria ya jimbo imewazuia. Kwetu Congo, enzi za Mobutu, sanamu za Wabelgiji ziliondolewa, na mwaka 1966 majina ya miji yalibadilishwa kwa amri: Stanleyville ikawa Kisangani, Albertville ikawa Kalemie. Je, diwani anasema kweli au anatukwepa? Na mimi ambaye bado sijapata uraia, nina haki ya kusema chochote?

JIBU

Mama, diwani wako anasema kweli, ila hajakumalizia maneno.

Tennessee ina Sheria ya Kulinda Urithi, iliyopitishwa mwaka 2013 na kukazwa zaidi mwaka 2016 na 2018. Inasema kumbukumbu yoyote iliyo kwenye mali ya umma, ikiwa imewekwa kwa heshima ya vita, mtu au chama cha kihistoria, haiwezi kuondolewa, kuhamishwa wala kubadilishwa jina bila kibali cha Tume ya Historia ya Tennessee. Na neno kumbukumbu humo limetanuliwa mno: sanamu, bamba, bendera, shule, barabara, daraja, jengo. Kwa hiyo sanamu ya mahakamani na jina la shule ya mwanao vimo ndani ya sheria hiyo hiyo. Baraza la kaunti halina kauli ya mwisho juu ya kile kilichosimama uwanjani kwake.

Asichokwambia diwani ni kwamba baraza lina haki ya kuomba kibali. Ombi halipelekwi na wazazi, linapelekwa na chombo cha umma chenye mamlaka juu ya kitu chenyewe: kaunti kwa sanamu, bodi ya elimu kwa shule. Ni vigumu, sikufichi. Mwombaji anatakiwa alete ushahidi ulio wazi na wa kushawishi kwamba kuna haja kubwa, ya kihistoria au ya maslahi ya umma, na theluthi mbili ya wajumbe wa Tume wakubali. Lakini vigumu si sawa na haiwezekani. Sanamu ya kichwa ya Nathan Bedford Forrest, jenerali wa Kusini, ilikaa ndani ya jengo la bunge la jimbo, Nashville, tangu mwaka 1978. Forrest alitajirika kwa kuuza watu. Askari wake waliwaua askari weusi waliokuwa wakijisalimisha pale Fort Pillow mwaka 1864. Baada ya vita akawa kiongozi mkuu wa kwanza wa Ku Klux Klan, kundi la siri lililowatisha na kuwaua watu weusi. Machi 2021 ombi lilifika mbele ya Tume, wajumbe 25 wakakubali na mmoja akakataa. Julai mwaka huo ilihamishiwa makumbusho ya jimbo. Ni Tume hii hii, chini ya sheria hii hii.

Utasikia pia watu wakisema, “mbona Memphis waliweza?” Waliweza, na nakueleza jinsi, kwa sababu njia ile imeshazibwa na nisingependa wazazi wapoteze muda nayo. Memphis iliomba kibali cha kuondoa sanamu ya Forrest, iliyosimama tangu mwaka 1905, ikanyimwa. Wanasheria wa jiji wakaisoma sheria tena neno kwa neno. Ilikuwa inalinda vitu vilivyo kwenye mali ya umma. Tarehe 20 Desemba 2017 baraza la jiji likapiga kura kuuza bustani mbili kwa shirika lisilo la faida, dola 1,000 kila moja. Ardhi ikawa mali binafsi, na usiku ule ule sanamu ya Forrest na ya Jefferson Davis, rais wa Kusini wakati wa vita, zikateremshwa. Chama cha wana wa askari wa Kusini kilikwenda mahakamani kikashindwa. Ila bunge la jimbo halikukaa kimya: mwaka 2018 lilipiga marufuku kuuza au kuhawilisha mali yenye kumbukumbu ya namna hiyo bila kibali.

Sasa kuna swali ambalo mimi huliuliza kabla ya yote, na wengi hulisahau: ardhi ni ya nani, na sanamu ni ya nani? Msidhani jibu ni lile lile. Sanamu nyingi za Kusini hazikusimamishwa na serikali. Zilisimamishwa na chama cha wanawake kiitwacho Mabinti wa Shirikisho (yaani shirikisho la majimbo ya Kusini), kilichoanzishwa Nashville mwaka 1894, kikachangisha fedha na kuomba nafasi mbele ya mahakama za kaunti. Hati za zamani mara nyingine zinasema kaunti ilitoa ardhi, mara nyingine ilitoa ruhusa tu. Mji wa Franklin, kusini mwa Nashville, uliingia katika mvutano wa namna hiyo na chama hicho kuhusu uwanja wa katikati ya mji. Wakazi wa Franklin hawakungoja mvutano uishe: mwaka 2019 waliweka vibao vinavyoeleza soko la watumwa lililokuwa pale pale, na mwaka 2021 wakasimamisha sanamu ya shaba ya askari mweusi wa jeshi la Muungano, lile la Kaskazini lililopigana na Kusini. Askari wa Kusini bado yupo. Mimi nisingeridhika na hatua hiyo peke yake, lakini mtoto anayepita pale leo anasoma jambo ambalo baba yake hakusomeshwa.

Nije kwenye hoja mtakayokutana nayo kikaoni: kwamba kuondoa sanamu ni kufuta historia na kuwadharau mababu wa watu. Msiidharau hoja hii. Kuna familia zilizopoteza vijana maskini wasiomiliki mtumwa hata mmoja, na jiwe lililo juu ya kaburi lao mimi nisingeligusa. Lakini ulizeni mababu wa nani. Kutoka Tennessee peke yake, wanaume weusi zaidi ya 20,000 walivaa sare za Muungano, na wazungu zaidi ya 30,000 pia. Je, hao si wana wa jimbo hili? Mbele ya mahakama ya kaunti yenu wako wapi? Hii ni hoja ya kihistoria hasa, aina ambayo Tume inatakiwa kuipima, na ina nguvu kuliko kusema sanamu inatuumiza, ingawa kweli inaumiza.

Tena angalieni tarehe. Vita viliisha mwaka 1865. Robert E. Lee mwenyewe, jenerali mkuu wa Kusini, alipoalikwa mwaka 1869 kwenda Gettysburg kusaidia kuweka alama za mapigano, alikataa na kuandika kwamba ni busara zaidi kutoendelea kuchokonoa vidonda vya vita. Sanamu hizi nyingi zilisimama miaka 30 hadi 60 baadaye, wakati ule ule majimbo ya Kusini yalipokuwa yakiwanyang’anya watu weusi kura.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni Richmond, Virginia. Sanamu ya Lee akiwa juu ya farasi ilizinduliwa pale tarehe 29 Mei 1890 mbele ya umati wa zaidi ya watu laki moja. Katika baraza la jiji alikuwepo John Mitchell, mhariri wa gazeti la Richmond Planet, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1863. Yeye na madiwani wenzake weusi walikataa kuunga mkono fedha za sherehe. Akaandika kwamba mtu mweusi ndiye aliyeisimamisha sanamu ya Lee, na wakati ukiwadia atakuwepo kuiteremsha. Miaka 12 baadaye katiba mpya ya Virginia iliwaondoa watu weusi wengi kwenye daftari la wapiga kura kwa kodi na mitihani. Nani basi angebaki kupinga?

Kisheria, Richmond ilikuwa kesi ngumu. Hati za mwaka 1887 na 1890 ziliifunga serikali ya jimbo kuilinda sanamu ile milele, kwa mapenzi. Gavana alipoamua mwaka 2020 iondoke, mrithi wa waliotoa ardhi na baadhi ya majirani walifungua kesi wakiwa na hati hizo mkononi. Mahakama ya Juu ya Virginia iliamua tarehe 2 Septemba 2021 kwamba serikali ya karne ya 19 haiwezi kuifunga serikali ya leo iseme milele jambo isiloliamini tena. Siku sita baadaye sanamu ilishuka. Kampuni iliyoishusha ilikuwa ya Mmarekani mweusi. Kila ninaposoma hukumu ile namkumbuka Mitchell.

Msichukulie hukumu hiyo kuwa sheria ya Tennessee. Haiwafungi majaji wa huku. Lakini msingi wake unatambulika nchi nzima. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mnara wa kudumu kwenye uwanja wa umma ni kauli ya serikali yenyewe. Kwa hiyo mkiwa mbele ya baraza, swali lenu halali ni hili: kaunti hii inasema nini kwa sanamu hii, na inamwambia nani anayepanda ngazi kwenda kutafuta haki?

Kuhusu shule, nina tahadhari moja. Bodi ikibanwa huweza kupendekeza jina libaki bali “mwenye jina” awe mwingine. Si utani. Sheria ya ulinzi iliyopitishwa tarehe 1 Januari 2021 kwa kulishinda pingamizi la rais (veto) iliagiza jeshi liondoe majina yanayowaheshimu waliolitumikia Shirikisho la Kusini kwa hiari, na kambi tisa zikapewa majina mapya. Mwaka 2025 Wizara ya Ulinzi ilirudisha jina la Fort Bragg, ambalo awali lilikuwa la jenerali wa Kusini, safari hii kwa heshima ya Roland Bragg, askari wa Vita Vikuu vya Pili. Fort Gordon ya Georgia sasa inamheshimu Gary Gordon, aliyeuawa Mogadishu mwaka 1993. Walikuwa askari mashujaa, na walistahili kuheshimiwa kwa ajili yao wenyewe, si kwa kuwa majina yao yanafanana na ya wengine. Mkipewa pendekezo kama hilo, likataeni kwa maandishi, na sababu ziingie kwenye kumbukumbu za kikao.

Na wewe binafsi, mama. Katiba ya Marekani inalinda haki ya kusema na ya kupeleka malalamiko kwa serikali, na haikuweka uraia kuwa sharti. Unaweza kuzungumza kikaoni kwa dakika utakazopewa, kuandika barua, kutia sahihi barua ya pamoja ya wazazi. Usitie sahihi karatasi inayodai sahihi za wapiga kura walioandikishwa, na usikubali mtu yeyote akuandikishe kupiga kura, hata akikuhakikishia kwamba haina shida. Kujiita raia kwa ajili ya kura kunaweza kukufukuzisha nchini. Kaeni mbali pia na rangi, nyundo na kamba. Kesi ya uharibifu wa mali ni kesi ya jinai, na kwa asiye raia madhara yake hayaishii kwenye faini.

Hatua ya kwanza ni ndogo. Nendeni ofisi ya msajili wa hati ya kaunti, mwombe hati ya uwanja wa mahakama na maandishi yoyote ya ruhusa ya kusimamisha sanamu. Kisha ombeni kumbukumbu za vikao vya kaunti za mwaka ule sanamu ilipowekwa. Kwa kawaida mwaka umechongwa kwenye kitako chake. Mkizipata, niandikieni zinasema ardhi ni ya nani na sanamu ni ya nani. Hapo nitawaambia mlango wa kubisha ni wa kaunti, wa Mabinti, au wa vyote viwili.